Mtani Hakudai

Kwa miaka tisa Hildegarda Kasiani alifundisha fizikia Kilosa, na katika miaka yote hiyo sifuri haikuwahi kumtisha. Aliiandika ubaoni, akaifuta, akaiandika tena. Lakini Jumatatu ile, katika ofisi ya kituo kipya cha utafiti kule Mikumi, sifuri ilimtazama kutoka kwenye kompyuta ya mtu mwingine, na juu yake palikuwa na jina lake.

Mwenye kompyuta alikuwa Editha, ofisa wa ajira wa kituo, mwanamke mpole asiyependa kumuumiza mtu. Alikuwa amepokea maombi ya Hildegarda ya nafasi ya mtafiti, na sharti la nafasi hiyo lilikuwa makala tatu zilizochapishwa katika majarida ya kisayansi. Hildegarda alijaza tatu. Mtandao ulisema hana hata moja.

"Nimetafuta mara nne, mwalimu," Editha akasema. "Kwa majina yote mawili, kwa jina moja, kwa herufi za mwanzo. Hupo."

Hildegarda akacheka kidogo, kama mtu aliyeambiwa nyumba yake haipo na ufunguo anao mkononi. Akafungua mkoba, akatoa makala zake tatu. Ya kwanza aliitia plastiki, maana ilikaa ukutani sebuleni kwake miaka mitano. Juu yake yameandikwa majina mawili tu: Kondo, na Kasiani. Editha akaipokea kwa mikono miwili, akaisoma, kisha akaeleza polepole kwamba hiyo ni rasimu, karatasi iliyotumwa kabla jarida halijachapisha. Akageuza kompyuta amwonyeshe ile iliyotoka.

Kichwa cha habari kilikuwa kilekile, cha mitetemo ya tembo. Michoro ileile, aliyoichora yeye. Jina la kwanza ni la Daktari Kondo, mtafiti mwenzake, la pili la mkuu wa idara yake huko chuoni, la tatu la Mzungu aliyetoa vifaa ambaye hakuwahi kukanyaga Kilosa. Jina la Kasiani halikuwepo. Hildegarda akaomba Editha ateremshe ukurasa mpaka chini kabisa, penye shukrani. Hapo waandishi walimshukuru "mwenyeji mmoja wa Kilosa kwa kulinda vifaa."

Mwenyeji mmoja. Hata jina la mlinzi hakupewa.

Kando ya makala kulikuwa na namba nyingine: mia sita na kumi na mbili. Hao ndio watafiti walioinukuu katika kazi zao, toka Kenya mpaka India mpaka kwenye nchi zisizo na tembo hata mmoja. Makala nyingine mbili nazo zilikuwa vivyo hivyo, majina yaleyale matatu, na mwenyeji yuleyule chini. Editha akasema nafasi inafungwa Ijumaa saa tisa alasiri. Daktari Kondo akiandika barua kukiri kwamba Hildegarda alikuwa mwandishi mwenzake, jopo litamfikiria. Akaongeza, kwa aibu kidogo, kwamba atampigia simu mwenyewe kuhakikisha, maana siku hizi kila mtu anajiandikia barua.

Msomaji atauliza: mtu msomi, mwenye shahada mbili, alikaaje miaka mitano asiangalie? Swali zuri, na Hildegarda mwenyewe alijiuliza njia nzima ya kurudi Kilosa. Jarida lilikuwa na geti la kulipia huko mtandaoni. Kondo alikuwa amemletea rasimu mkononi, akamwambia, imetoka. Na kwa nini mtu alipe kwenda kumtazama mtoto wake mwenyewe?

Kazi ile ilianza kwa Kondo kuja na vyuma vyake. Yeye ni mwenyeji wa kijiji cha Masanze, humohumo Kilosa, Msagara, mtoto wa mkulima, aliyesoma akafika mbali. Alikuja na vifaa vya kuhisi mtetemo wa ardhi, vidogo kama makopo ya maziwa ya unga, akitaka kuvifukia pembeni mwa mashamba ili tembo wanaotoka hifadhini wajulikane kabla hawajaingia kwenye mahindi ya watu. Alihitaji mtu wa kuvisoma kila wiki, anayeijua fizikia na anayekaa karibu. Akaelekezwa kwa mwalimu Hildegarda.

Karibu mwaka mzima vyuma vilisema uongo. Lori likipita barabarani, vilipiga kelele. Ng'ombe wakipita, vilipiga kelele. Treni ndiyo usiseme. Kondo alikuwa karibu kukata tamaa, na ni Hildegarda aliyepata dawa, na aliipata kwa sababu ya kwao. Babu yake, Mnyamwezi, alitoka Tabora kuja kufanya kazi ya gangi, kutengeneza njia ya reli pale Kidete, na baba yake akairithi kazi. Utotoni baba alimfundisha kuweka kiganja juu ya chuma cha reli na kuhesabu. Treni inapanda taratibu na kushuka taratibu, alimwambia, haikatiki katikati. Sasa Hildegarda, akiitazama michoro ya kwenye kompyuta kwa wiki ya arobaini, akaona kitu ambacho hakikufanana na treni, wala lori, wala ng'ombe. Mtetemo unakwenda, halafu unakatika wote kwa mkupuo mmoja, sekunde ishirini, thelathini, kisha unaendelea. Tembo wanapotembea kwa ukoo husimama pamoja kusikiliza. Hakuna kingine kizito kinachosimama hivyo. Akamwandikia Kondo: usitafute kishindo, tafuta kimya.

Huo ndio uliokuwa ugunduzi. Sentensi hiyo ndiyo watu mia sita na kumi na mbili walikuwa wakiinukuu. Hildegarda aliijenga kwa miaka minne ndani ya kaunta buku kumi na moja, kwa mwandiko wake wa kialimu, tarehe na saa na hali ya hewa. Msimu wa mvua vitabu hivyo alikuwa akiviacha Masanze kwa mama yake Kondo, ambaye hakujua kusoma, lakini alivifunga kwenye nailoni na kuvilalia chini ya godoro mpaka mafuriko yapite.

Na ilikuwaje mtu aliyemwamini kiasi hicho amfanyie hivyo? Hapa ndipo inabidi niwaambie habari ya utani.

Wanyamwezi na Wasagara ni watani tangu enzi za misafara ya wapagazi. Mtani atakutukana mbele ya wakwe, atakutwalia kuku wako bandani mchana kweupe, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Anayekasirika ndiye anayechekwa. Siku ya kwanza kabisa Kondo hakumwamkia Hildegarda. Alimtazama juu mpaka chini akamwambia kwamba ukoo wa wabeba mizigo umemletea mtu wa kubeba vyuma. Hildegarda akajibu kuwa babu zake walibeba na babu zake Kondo waliiba kilichobebwa. Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Toka siku hiyo hakuna aliyemwita mwenzake kwa cheo. Ilikuwa mtani hivi, mtani vile.

Makala ya kwanza ilipotoka, mama yake Kondo alichinja mbuzi. Uwanja wa nyumba ile ya Masanze ulijaa watu, na Kondo akasimama na sahani yake ya pilau akaomba asikilizwe. "Msinisifu mimi," akasema. "Kazi yote kaifanya huyu Mnyamwezi. Mimi nimemwibia tu. Nilifuta jina lake nikaandika la kwangu."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa kanga. Hildegarda alichukua mwiko jikoni akamkimbiza Kondo kuzunguka nyumba, na watoto nyuma yao. Mwaka uliofuata, makala ya pili, maneno yaleyale na kicheko kilekile. Ya tatu vivyo hivyo. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, lakini hawakusema kwamba chaweza kusimama uwanjani kikakutangazia kuwa kinakula.

Jumanne Kondo alikuwa Kilosa. Mama yake alikuwa anaumwa, na yeye alikuwa anakwenda na kurudi. Wakakutana kwenye hoteli ya chai karibu na stesheni, na kabla hajaketi Kondo akaanza: mbeba mizigo leo umenuna, umeangusha nini? Hildegarda hakujibu utani. Akaweka mezani makala mbili, ile ya ukutani na ile aliyochapa kwa Editha, akaomba barua ya kukiri.

Kondo akazitazama. Uso wake haukubadilika sana, na hilo lilimwuma Hildegarda, maana alitegemea angalau mtu ashtuke. Akaeleza kwa sauti ya kawaida, kama anayefafanua ratiba. Mkuu wa idara alitaka jina lake liingie. Mwenye vifaa naye. Jarida likauliza, huyu mwalimu wa sekondari ni nani? Ikawa rahisi kupunguza. Sasa maombi yake ya uprofesa yako mezani, na yanasimama juu ya nukuu zile. Akiandika barua ya makala moja ataulizwa zote tatu, na itakuwa basi. Hildegarda asubiri. Makala ijayo atakuwa wa kwanza.

Hildegarda akamwambia nafasi ya Mikumi inafungwa Ijumaa, na kwamba hana makala ijayo, ana Ijumaa tu. Akamwuliza alijisikiaje kila mwaka kula pilau naye huku akimficha.

"Nilikuficha?" Kondo akasema. "Nilikwambia, Hilda. Mbele ya watu wote. Mara tatu. Ulicheka kuliko wote."

"Nilijua unanitania."

"Basi hata sasa tunataniana. Nenda kawaambie watu. Na mimi nitawaambia ni utani. Nani atabisha?"

Akamaliza chai yake, akasema anawahi dawa za mama. Hildegarda alibaki pale mpaka chai yake ikafunga utando. Kilichomchoma zaidi hakikuwa jina lililofutwa. Kilichomchoma ni ule mwiko. Alijiona akikimbia kuzunguka nyumba, akicheka, akihema, na mwizi wake mbele amemgeuzia mgongo. Alisalitiwa, na alishangilia kusalitiwa kwake kwa miaka mitatu mfululizo. Alijichukia kwa hilo kuliko alivyomchukia Kondo, na akajua kwamba hiyo nayo ni sehemu ya wizi.

Alhamisi jioni simu ikalia. "Mtani," sauti ya Kondo ikasema, na ikakatika. Ikaanza tena. "Mama ametutoka. Tunazika kesho baada ya swala ya Ijumaa. Njoo. Huku watu wanalia tu, hakuna wa kuwainua."

Hildegarda akaketi kitandani akalia. Alimlilia mama yule kwa kweli, godoro lake na nailoni zake. Huku analia, wazo likaingia.

Mtani ana kazi msibani. Huvaa nguo ya marehemu, akaiga mwendo wake na ukali wake, mpaka wafiwa wacheke katikati ya machozi. Na jeneza linapotoka, mtani hulala mlangoni. Hapiti mtu, hapiti maiti, mpaka mtani apewe anachodai. Kwenye msiba wa baba yake Kondo, Hildegarda alidai jogoo, na jogoo akaletwa akiwa hai, akawika mikononi mwake. Dai la mtani mlangoni halikataliwi. Ni aibu ya ukoo mzima. Basi safari hii hatadai jogoo. Akaiandika mwenyewe barua ile ya Kondo kukiri, mistari minane, akaacha nafasi ya saini. Akatia kalamu mbili mkobani, moja ikikataa nyingine ipo.

Asubuhi bodaboda ikamshusha Masanze. Akawaamkia wakubwa mmoja mmoja, shikamoo, marahaba, akaketi kwenye mkeka wa wanawake. Wakampa kanga ya marehemu, ya kijani, aliyoipenda. Wote wakamtazama wakisubiri aivae, aanze kutembea kwa kuchechemea na kuwafokea kuku. Hildegarda akaikunja kanga akaipakata. Ilikuwa bado inanuka moshi wa jikoni. Wanawake wakanong'onezana kuwa mtani leo anajitunza kwa ajili ya mlangoni.

Saa nane kasoro wanaume wakarudi kutoka msikitini. Jeneza likainuliwa ndani, Hildegarda akaenda akasimama mlangoni, na watu wakaanza kutabasamu kabla hajafungua mdomo. Kondo alikuwa mbele ya wabebaji, kanzu nyeupe, macho mekundu. Akamwona. Akauona mkoba, na mkono wake uliokuwa ndani ya mkoba, akaelewa. Kondo alikuwa mwepesi wa kuelewa siku zote.

"Najua, leo hataki jogoo," akawaambia watu, kwa ile sauti yake ya uwanjani. "Anataka barua. Leteni kalamu jamani, nimtilie saini mbeba mizigo huyu, tukamzike mama."

Kicheko kikapita uwanjani, kicheko cha shukrani, cha watu waliolia usiku kucha. Kondo akanyoosha mkono aipokee karatasi. Hakuwa anazuga, angetia saini palepale.

Hildegarda alikuwa ameishika barua. Saa tisa ilikuwa bado, na picha ya barua yenye saini ingefika Mikumi kwa simu ndani ya dakika moja. Halafu Editha, mtu makini, angepiga kuhakikisha. Na Hildegarda akaisikia kabisa sauti ya Kondo ikijibu: ile? Aa, tulikuwa msibani, yule ni mtani wangu. Angecheka, na Editha naye angecheka. Saini iliyotolewa kwa kicheko ingeondoka na kicheko, kama lilivyoondoka jina. Kila alichowahi kupewa na mtu huyu alipewa hivyo, na kila alichonyang'anywa. Mlango wa pekee ambao Kondo hakuwa na ufunguo wake ulikuwa ni Hildegarda kuacha kucheka.

Akautoa mkono mkobani, mtupu. Akasogea kando ya mlango.

"Pole kwa msiba, Daktari Kondo," akasema. "Mungu amlaze mama mahali pema. Mimi sina dai."

Kwa miaka yote hakuwahi kumwita Daktari. Kicheko kikafa kuanzia mbele kwenda nyuma, kama watu wanavyonyamaza wakiona imamu ameinuka. Wabebaji wakabaki wamesimama na jeneza mabegani. Mlango ulikuwa wazi, njia nyeupe, na hakuna aliyejua kama inafaa kupita. Pale Masanze mtani alikuwa amewahi kudai mbuzi, amewahi kudai viatu vya bwana harusi, lakini hakuna aliyewahi kumwona mtani akiwasamehe watu mlango. Mtani hukaa kimya kwa sababu moja tu, kwamba ametendwa.

Shangazi mkubwa wa ukoo, dada wa marehemu baba yake Kondo, akatoka mkekani akaja taratibu na fimbo yake. Akamtazama Hildegarda usoni muda mrefu. Kisha akamgeukia mpwa wake.

"Kondo, umemfanya nini mtani wetu?"

Kondo akamtazama Hildegarda. Alikuwa akiomba, na Hildegarda aliona kwamba anaomba. Miaka yote mmoja akirusha utani mwenzake alidaka. Hildegarda hakudaka. Alisimama na kanga ya kijani mikononi, na machozi yalikuwa yakimtoka bila yeye kuyafuta. Basi Kondo akafanya kitu pekee alichokuwa akikijua. Akatabasamu, akaufungulia uwanja mikono.

"Nimemwibia kazi yake, shangazi," akasema. "Nilifuta jina lake nikaandika la kwangu."

Akangoja.

Yalikuwa maneno yaleyale, uwanja uleule, na wengi walikuwa walewale waliokula pilau. Kijana mmoja nyuma alianza kucheka, akajikuta peke yake, akaacha. Tabasamu la Kondo likakaa usoni kwake kitambo, halina pa kwenda. Wabebaji wa nyuma walishusha macho. Wale wa mbele walikuwa wanamtazama yeye.

Shangazi akaikita fimbo yake chini mbele ya kizingiti, pale ambapo Hildegarda alipaswa kulala.

"Rudia," akasema. "Sasa hivi bila kucheka. Mama yako anasubiri."